Kihusishi 'kwa': Asili, maana na matumizi

ABIRIA anayepanda matatu jijini Nakuru kuelekea Kwa Rhonda hutamka, pengine bila kutambua, maana ya msingi ya kihusishi 'kwa': mahali pa mtu.

Kihusishi hiki ni zao la viambishi viwili, 'ku' ya mahali pasipo dhahiri na 'a' ya uhusiano. Vivyo hivyo, 'pa' na 'a' huzaa 'pa', nayo 'mu' na 'a' huzaa 'mwa'. Ndipo tunapata 'nyumbani kwa Juma', 'nyumbani pa Juma' na 'nyumbani mwa Juma'.

Lugha ya Kikuyu nayo ina 'kwa' yenye maana iyo hiyo. Hata Kikalenjin, ambacho si cha jamii ya Kibantu, hutanguliza 'ka' yenye maana ya nyumbani. Mji wa Kabarnet, Baringo, ulipata jina lake kutokana na mmisionari Barnett. Mswahili angeuita Kwa Barnett.

Mbali na mahali pa mtu, 'kwa' huonyesha:

Kifaa au chombo: Alikata mkate kwa kisu, alisafiri kwa gari.

Namna: Alijibu kwa upole.

Sababu: Mifugo ilikufa kwa kiu.

Muda: Mvua ilinyesha kwa siku tatu.

Uwiano: Walishinda mabao mawili kwa moja.

Ujumuishaji: Walifika wazee kwa vijana.

Utata huzuka katika mazungumzo ya Bonde la Ufa na kwingineko bara, ambako 'kwa' hutwaa nafasi ya 'katika', 'kwenye' na kiambishi '-ni'. Husemwa 'kitabu kiko kwa meza' badala ya 'kiko mezani'. Mwalimu ana kwake, hivyo twaenda kwa mwalimu. Meza haina kwake.

Kosa hili halimgharimu mtahiniwa pekee. Chukua sentensi 'Mtoto aliumizwa kwa gari.' Katika Kiswahili sanifu, gari ndilo lililomuumiza. Msemaji huenda alikusudia kwamba mtoto alikuwa ndani yake. Katika taarifa ya ajali kwenye barabara kuu ya Nairobi-Nakuru, tofauti hiyo yaweza kumtia hatiani dereva asiyehusika.

Aliyekusudia la kwanza na aandike 'aligongwa na gari'. Aliyekusudia la pili, 'aliumia akiwa garini'.