Oili Nzito

Kitabu cha gari la mama kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kimekaa kwenye droo ya dashibodi tangu Probox hiyo iliposhuka bandarini Dar es Salaam, na nyumbani kwetu Ipagala hakuna anayeweza kukisoma. Kwenye ukurasa mmoja wenye mchoro wa kopo la oili, katikati ya maandishi yale, pana kitu kimoja tu tunachokielewa: 5W-30.

Kwa miaka mingi hakuna aliyekijali. Gari liliwekewa oili yoyote iliyokuwepo dukani, na lilitembea. Kisha Julai iliyopita taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kila gari liliposimama likiwa limepata moto. Asubuhi, likiwashwa, lilitoa moshi wa bluu uliofika hadi uani kwa jirani. Mama hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Soko la Majengo kuchukua nyanya na mboga za kusambaza kwa mama lishe. Probox hiyo ndiyo iliyolipa ada ya shahada yangu ya kwanza, na sasa inachangia ya uzamili. Injini yake ikifa, na mimi masomo yamekwisha.

Tulilipeleka kwa fundi ambaye gereji yake ni mwarobaini mmoja na kontena kando ya barabara. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, anafanya kazi na kijana aliyetoka chuo cha ufundi. Mzee alichomoa stiki, akaipangusa, akairudisha, akaichomoa tena. Ilitoka kavu. Wakaongeza lita moja na nusu, taa ikazima. Hilo lilikuwa rahisi. Lililobaki ni kuamua tuiwekee oili gani kuanzia hapo, maana injini iliyotembea kilomita 268,000 ilikuwa inakula oili.

"Weka 20W-50, mama," mzee alisema. "Gari zee halitaki maji."

"Mzee, hii ni VVT-i," kijana akajibu. "Ukiipa nzito hivyo, asubuhi inachelewa kupanda juu. Kitabu kinasema tano thelathini."

"Kitabu kimeandikiwa wapi?" mzee akauliza.

Nilicheka, halafu swali lile likakataa kuniacha. Ninasoma historia, na hati iliandikwa wapi, kwa ajili ya nani, ni kati ya mambo ya kwanza tunayofundishwa kuuliza. Sikuwahi kufikiria kuiuliza oili.

Namba zile zina asili yake. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianzishwa mwaka 1905, na mwaka 1911 kilitoa mpangilio wa kwanza wa kuzipa oili namba kulingana na mnato wake. (Mafundi wetu husema "uzito". Mwalimu wa fizikia atawakosoa, lakini neno lao linaeleweka na nitalitumia.) Namba zilisaidia, ila baridi ilibaki kuwa tatizo. Katika majiji kama Detroit, usiku wa barafu hugeuza oili kuwa kama asali iliyoganda na injini hukataa kuzunguka. Mwaka 1933 zikaongezwa namba zenye herufi W, kifupi cha neno la Kiingereza la majira ya baridi. Dereva wa huko alikuwa na oili ya baridi na oili ya kiangazi, akizibadilisha kama abadilishavyo koti. Baadaye wakemia walipata viungo vya kuifanya oili isibadilike sana kati ya baridi na joto, na kuanzia miaka ya 1950 namba mbili zikaanza kuonekana kwenye kopo moja.

Kwa kipimo cha sasa, oili ya 5W lazima iruhusu injini kuzungushwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri za selsiasi, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai alfajiri watu wa Ipagala huvaa makoti mazito na kulalamika, lakini kipimajoto kinasoma kama nyuzi 13 juu ya sifuri. Nusu ya maandishi kwenye kopo inazungumzia baridi ambayo Mgogo hajawahi kuiona kwao. Hapo mzee alikuwa na hoja.

Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, karibu na joto la injini ikiwa kazini, na hiyo inatuhusu kama inavyomhusu mtu yeyote. Oili ya 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa vipimo vya mnato, ya 40 hufika hadi 16.3, ya 50 hadi 21.9. Maji ya kwenye ndoo, kwa kipimo hichohicho, ni kama 1. Kwa hiyo hata ile "maji" ya kijana, ikiwa na moto wa chai inayochemka, bado ni nzito mara tisa au zaidi kuliko maji yenyewe. Nilimweleza mzee hesabu hiyo. Alinisikiliza kwa adabu, akaendelea kufungua nati.

Siku kadhaa baadaye nilirudi na soda mbili na kumuuliza hiyo 20W-50 aliijulia wapi. Alianza ufundi mwaka 1981, kwenye gereji ya umma, akiwa kijana wa kuosha vipuri kwa dizeli. Magari aliyoyakuta yalikuwa Land Rover na Bedford, na Peugeot chache za wakubwa. Injini za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na nafasi pana kati ya chuma na chuma, na oili nzito ilikuwa chakula chake cha kawaida: Castrol GTX, iliyotoka Uingereza mwaka 1968, ilitoka ikiwa 20W-50. Basi ushauri wa mzee nao ulikuwa na kitabu chake, ila hakikuwa cha Kijapani.

Kilichonigusa zaidi ni aliyosimulia kuhusu miaka ile. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa petroli. Ringi mpya za pistoni, anasema, ziliagizwa kwa barua, na barua ilipita ofisi kadhaa; gari likisubiri ringi lingeweza kuota majani. Kwa hiyo hawakusubiri. Pistoni ikilegea kwenye silinda, wanaweka namba 40. Ikilegea zaidi, namba 50. Oili ikizidi uzito, inaziba mwanya ulioachwa na chuma kilicholika: beringi zinapunguza kugonga, presha inapanda, moshi unapungua. Gari linapata mwaka mwingine. "Oili ilikuwa ndiyo spea," alisema.

Wasomi wameanza kuliona hilo. Joshua Grace, mwanahistoria Mmarekani, ana kitabu kiitwacho *African Motors*, cha mwaka 2021, ambacho kinazitazama gereji za Tanzania kama mahali palipozaliwa maarifa ya kiufundi, wala si mahali pa kubahatisha tu. Nilikisoma kwa ajili ya semina na nikakubaliana nacho haraka, kama mwanafunzi anavyokubali jambo zuri lililo mbali naye. Kukubaliana nacho mbele ya injini ya mama ilikuwa kazi nyingine. Ushauri wa mzee ulitokana na hesabu sahihi ya wakati wake: chuma hakipatikani, oili inapatikana kwa shida, basi acha oili ifanye kazi ya chuma. Lakini wakati wenyewe ulikuwa umepita.

Ulipita kwa hatua. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikazidi kufunguka. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaja kwa meli. Kule mwenye gari hulazimika kulipitisha kwenye ukaguzi wenye gharama kubwa, miaka mitatu baada ya kulinunua jipya na kisha kila miaka miwili, kwa hiyo wengi huona nafuu kuliachia. Gari ambalo kwao limezeeka, kwetu ndiyo kwanza linaanza. Injini zake ni za aina nyingine pia: nafasi ndani yake ni finyu, njia za oili ni nyembamba, na mfumo kama VVT-i hutumia presha ya oili kubadilisha muda wa valvu kufunguka. Wajapani walizipa oili nyepesi kwa sababu ya kuokoa petroli pia, jambo ambalo mzee alilitaja kwa dharau kidogo, kana kwamba ni ubahili.

Sasa hivi ringi za Probox zinapatikana mjini Dodoma siku hiyohiyo, mradi una fedha. Oili nzito imebaki, lakini mara nyingi inafanya kazi tofauti na ile ya mwaka 1981. Jirani yetu alinunua gari dogo lililokuwa kimya kama paka. Lilipomwagwa oili mara ya kwanza likaanza kugonga na kutoa moshi. Muuzaji alikuwa amelijaza oili nzito ili lisiseme. Zamani oili ile ile ilinunua muda kwa mwenye gari. Siku hizi inaweza kumnunulia muda anayeliuza.

Mzee alikuwa na jambo moja zaidi, na ndilo lililotuokoa, ingawa halikuwa la uzito wa oili. Baba yake alikuwa dereva wa trekta Kongwa, mashariki mwa Dodoma, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Waliletewa matrekta yaliyobaki vitani, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya Sherman, na udongo wa Kongwa ukayamaliza: mkavu, mgumu, wenye mchanga unaokula chuma kama msasa. "Baba alikuwa akisema trekta zile zilikufa kwa kuvuta hewa," mzee alisimulia, na hapo akanyamaza, akainuka, akaenda kufungua boksi la chujio la hewa la Probox.

Chujio lilikuwa limepasuka pembeni. Kila lilipochafuka lilipulizwa kwa mashine ya upepo na kurudishwa, mpaka likachanika, na vumbi la Ipagala likawa linaingia kwenye silinda bila kizuizi. Hakuna uzito wa oili unaoweza kuzuia hilo.

Kijana akapima kompresheni. Silinda zote nne zilikuwa karibu sawa, chini ya kiwango kidogo tu. Ringi zilikuwa zimechoka lakini hazijafa. Moshi ule wa asubuhi unaotoka kwa wingi kisha kukoma ulitokana na sili za valvu zilizokakamaa, zikiacha oili idondoke ndani usiku kucha. Walibadilisha sili, wakaweka chujio jipya, wakasafisha valvu ya kupumulia ya injini iliyokuwa imeziba masizi. Mama alilipa nusu siku hiyo, na nusu alimaliza mwezi uliofuata.

Kuhusu oili, hakuna aliyeshinda. Kijana alikubali kwamba injini yenye kilomita zile haiwezi kudai 30 ya kiwandani. Mzee alikubali, baada ya kusukumwa sana, kwamba 50 ingezichosha njia nyembamba za kichwani. Tukaweka 10W-40. Oili iliyomwagwa waliikusanya kwenye dumu. Mtu wa ujenzi aliichukua kwenda kupaka nguzo za paa zisiliwe na mchwa.

Kila Jumamosi, kabla ya kuwasha, mama huchomoa stiki. Mwanzoni aliniita mimi niisome, sasa anaisoma mwenyewe, akiwa ameshika kitambaa kilekile. Anaandika kwenye daftari la mauzo, chini ya nyanya na vitunguu: tarehe, kilomita, na alama ya ilipofika oili. Mpaka Jumamosi iliyopita ilikuwa imeshuka robo ya stiki katika kilomita 1,900.