Rudolf wa chini ya karatasi

Darasani kwetu Lodwar palikuwa na ramani ya Kenya iliyochanika pembe. Juu ya ziwa, mwalimu alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye neno TURKANA kwa wino mwekundu. Gundi haikuliweza joto letu. Ikifika saa saba mchana karatasi ilijikunja, na chini yake akachungulia Rudolf. Tulicheka. Mmoja wetu aliapa kwamba huyo ni mzungu aliyeliwa na mamba.

Nusu karne imepita tangu Mzee Jomo Kenyatta alifute jina hilo mwaka 1975, na mimi sikusikia hata filimbi ikipigwa Lodwar. Basi nimekifungua kitabu cha Ludwig von Höhnel, ofisa wa majini wa Austria aliyeandamana na kabaila wa Hungaria, Sámuel Teleki.

Msafara uliondoka pwani ya Pangani mwaka 1887. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa pwani, na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, alikuwemo. Tarehe 6 Machi 1888 wakaliona ziwa. Von Höhnel anasimulia walivyolikimbilia kwa kelele za furaha, koo zimekauka, wakainama kunywa, wakakuta maji ya magadi. Teleki akalipa jina la Rudolf, mwana pekee wa kiume wa Kaizari Franz Joseph. Walipofika ziwa dogo la kaskazini, akampa mkewe Rudolf, Stefanie.

Hapo ndipo ninapomcheka Teleki. Mume na mke hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kabla miezi kumi na moja haijatimia tangu siku ile ya ufukweni, tarehe 30 Januari 1889, Rudolf alikutwa amekufa katika nyumba ya mawindo ya Mayerling, umri wake miaka 30, ubavuni mwake binti wa miaka 17, Mary Vetsera. Wanahistoria wengi wanaamini alimpiga binti risasi kisha akajimaliza. Watu wa ikulu Vienna kwanza walitangaza kwamba ni ugonjwa wa moyo. Na mtu huyo, ambaye hakuwahi kuukanyaga mchanga wetu, akatulia kwenye ramani zetu miaka 87! Stefanie naye leo ni Chew Bahir, huko Ethiopia.

Bibi yangu hakumjua Rudolf. Kwake ziwa lilikuwa anam tu, na akitaka kulitaja kwa ukamilifu, Anam Ka'alakol, ziwa la samaki wengi. Alitupakia kwenye lori la samaki hadi Eliye. Pale, chini ya mikoma, maji matamu hububujika mchangani, hatua chache tu kutoka ziwa la magadi. Tulilala kifudifudi tukanywa kama mbuzi, kisha tukaguguna matunda ya mkoma hadi ufizi ukauma. Watu wa Teleki walipanda kaskazini kwa ufuko wa mashariki, ng'ambo ya pili. Bahati mbaya yao.

Baada ya Uhuru, Nairobi iliharakisha kubadili mabango. Barabara ya Delamere ikawa ya Kenyatta. Ziwa lilisubiri hadi 1975, ingawa Mzee mwenyewe alilijua jua la huku, kwa miaka aliyofungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar hadi 1961. Jina jipya nalo lina manung'uniko yake. Waelmolo, Wadassanech na Wasamburu wanaishi kando ya maji hayo hayo, na sioni kosa wakiuliza kwa nini limepewa jina la kabila moja.

Sisi nasi hatujamaliza kubandua. Kule Longech wavuvi bado wanatia nanga katika Ghuba ya Ferguson. Siku hizi ziwa limefura, limemeza fukwe nyingi, na wageni wanaokuja na magari makubwa huuliza njia ya Eliye Springs. Bibi alisema Eliye, akaishia hapo.