Nauli ya dola 15

Wadau, mwaka 2005 nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, dada aliyejiua. Familia ilitaka kumrudisha hospitali, ila nauli ya basi, kama dola 15 hivi, haikuwepo. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta kwanza.

Mwaka 2006 Chibanda akaanza upya na akina bibi 14 wa Mbare, mtaa wa walalahoi jijini Harare. Hawakuwa na digrii. Walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Mwanzo liliitwa benchi la afya ya akili. Nani akubali kuonekana amelikalia? Bibi wakasema liitwe benchi la urafiki. Na sonona wakaiita kwa Kishona chao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hawa bwana!

Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita sonona ilibaki kwa karibu asilimia 14 ya waliopitia benchi, na 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mimi na shahada yangu, mwaka jana rafiki aliponiambia ana mawazo sana, nilimnunulia soda nikabadili mada.