Kariakoo na Watu Wake

Mgeni atokaye Lubumbashi, Lilongwe, Bujumbura au Moroni, akija Dar es Salaam kununua mali ya dukani, huweza kuwa hajui jina la barabara hata moja ya mji huu, lakini Kariakoo huijua kabla hajafunga safari, kwa kuwa ndiko waliko wauzaji wa nguo, vyombo, vipuri, simu na kila kinachouzika. Kwa sababu hiyo, aghalabu habari za mtaa huu husimuliwa kwa bei na msongamano: kitambaa ni kiasi gani kwa jora, nani kaletewa kontena, njia ipi imezibwa na mikokoteni. Habari hizo ni za kweli, wala si za kudharauliwa. Walakini mtaa huu una umri wa zaidi ya miaka mia, na katika muda huo umelea watu, vyama, nyimbo na siasa za nchi nzima, nami naona ni dhuluma kuukumbuka kwa maduka yake tu na kuzisahau nyumba zake.

Seyyid Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji wake kando ya bandari tulivu, jirani na kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, hapakuwa na mtaa wenye jina hilo. Mauti yalimfika mwaka 1870 kabla kazi haijatimia, na mji ukadumaa hata Wajerumani walipohamishia huko makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hao ndio walioweka kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa ajinasi za watu: ufuo wa bahari kwa Wazungu, na majumba ya mawe yenye bustani, katikati kwa Wahindi na maduka yao, na nyuma ya hapo kwa Waafrika, walioruhusiwa nyumba za fito na udongo. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza walikuwa wamekwisha kusimamisha jengo la soko upande wa magharibi, lakini vita vikawatoa katika mji kabla hawajalitumia. Waingereza waliingia Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya kikosi cha wapagazi wao, ambacho jina lake la Kiingereza, likipita katika ndimi za watu, likawa Kariakoo, kama lilivyokuwa Kariokor kule Nairobi.

Wapagazi wale wanastahili kutajwa kwa taadhima. Walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa unga na risasi kwa mwendo wa miezi katika mvua na matope, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, wala si kwa silaha za adui. Apitaye Kariakoo leo akasoma vibao vya mitaa ataona Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti, ambayo ni majina ya mahali pa kusini mwa nchi palipopiganwa mwaka 1917. Kuli anayeshusha gunia la mchele Mtaa wa Tandamti hulitaja kila siku, pengine pasipo kujua, jina la kilima ambacho wabeba mizigo wa zama zile walikifikia kwa miguu, na baadhi yao hawakurejea.

Amani iliporudi, Waingereza waliurithi mgawanyo wa Wajerumani, wakauandika upya kwa kanda, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mpana wa Mnazi Mmoja uwe mpaka. Mwaka 1923 jengo la kambi likafunguliwa kuwa soko. Watu wakajenga katika viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, na mtaa uliokusudiwa kuwaweka Waafrika mbali ukaanza kuwa moyo wa mji.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na kaida yake. Mbele palikuwa na baraza, iliyokwenda upana wote wa nyumba, ikiwatazama wapita njia. Katikati ya baraza mlango. Nyuma ya mlango ukumbi mwembamba uliokata nyumba moja kwa moja hadi mlango wa uani. Na kila upande wa ukumbi vyumba vitatu, jumla sita. Uani palikuwa na jiko, choo, kamba za kuanikia nguo, na pengine banda la kuku. Kuta zilikuwa za fito na udongo, zikapakwa chokaa kila mwenye nyumba alipopata uwezo. Paa lilianza kwa makuti, likaja la madebe yaliyokunjuliwa na kupigwa nyundo, likaishia kwa mabati. Mwenye nyumba, na katika wenye nyumba walikuwamo wanawake pia, aliishi chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha, na hivyo chini ya paa moja walilala Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Mrufiji na Mngazija, wakipishana katika ukumbi ule mmoja na kukoka moto katika jiko lile lile. Katika kuishi hivyo mtu alijua jirani yake anakula nini na ana deni gani, akisafiri alimwachia ufunguo, na akifiwa hakuachwa alie peke yake. Wasemao kwamba wenyeji wa mji huu walifundishwa umoja na viongozi wao wana haki kwa sehemu. Lakini kabla ya viongozi palikuwapo uani.

Baraza nayo ilikuwa na kazi zake. Jioni muuza kahawa alipita na birika lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha kikombe na kikombe ili asikike mbali, na wazee wakakaa kwa bao na karata, wakazungumza habari za dunia. Ni katika mji huo mwaka 1937 Erica Fiah, Muganda mwenye duka, alipotoa gazeti lake Kwetu, gazeti la Kiswahili lililoandikwa na Mwafrika kwa Waafrika, likilalamikia hali zao bila ya kificho. Vijana wa mtaa walianzisha vilabu vya mpira: Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata kile ambacho baada ya majina kadhaa kikaitwa Simba, kimoja kikikaa upande wa Jangwani na kingine Msimbazi, na utani wao umekwisha kuvuka mipaka ya Tanzania. Palikuwa na vyama vya ngoma, vya taarab na vya bendi, vyenye viongozi, sare na mashindano yake.

Tena, katika nyumba ya African Association, New Street, pembezoni mwa Kariakoo, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, chini ya uongozi wa Julius Nyerere. Barabara hiyo leo yaitwa Lumumba, kwa kumbukumbu ya shujaa wa Kongo aliyeuawa mwaka 1961. Sioni kuwa ni sadfa chama hicho kuzaliwa hapo wala si pengine, kwa maana mkutano ukiisha, maneno yake yalikuwa yamekwisha kufika mabarazani kabla ya jua kuchwa.

Baada ya uhuru soko la zamani lilielemewa, na serikali ikaazimia kujenga jipya. Kazi alipewa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, na soko likafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 8 Desemba 1975. Anayesimama ndani na kuinua macho huona nguzo za zege zikipanda na kutanuka juu mfano wa miavuli iliyopinduliwa, ambayo kwa pamoja ndiyo paa. Hewa huingia pande zote, na chini ya ardhi iko sehemu ambayo watu huiita Shimoni. Mimi nalihesabu jengo hilo katika kazi bora za mikono ya Watanzania, kwa kuwa lilifikiriwa kwa ajili ya muuza nyanya na mnunuzi wake, likapewa heshima ambayo wengine huiweka kwa mabenki na mahekalu.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya mwaka 1985, Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais na biashara ikaachiwa huru. Mali ikamiminika kutoka Dubai, na baadaye kutoka China. Thamani ya kiwanja ikapanda hata ikaizidi nyumba iliyokuwa juu yake mara nyingi. Warithi wa nyumba ya vyumba sita, ambao huenda ni ndugu kumi wasioweza kugawana ukumbi, wakaafikiana na mwenye rasilmali: yeye ajenge ghorofa, wao wapewe sehemu. Siwalaumu, kwa kuwa haki ya mtu katika mirathi yake ni haki. Lakini kila nyumba iliyovunjwa iliondoka na baraza yake, na mahali pa baraza pakawekwa mlango wa chuma wa duka. Wapangaji wakahamia Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, wakawa wanarudi alfajiri kufanya kazi walikokuwa wakilala.

Miaka ya karibuni imeleta maafa pia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu, na serikali ikaanza kulikarabati na kujenga jingine ubavuni mwake. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka juu ya wafanyabiashara, wachukuzi na wateja. Watu wasiopungua 29 wakafariki, wengine wakatolewa hai baada ya kufukiwa chini ya kifusi. Katika saa zile za mwanzo wenye maduka ya jirani waliacha mali zao wazi wakaingia kufukua kwa mikono, na hapo ulionekana ule ujirani wa uani, ambao wengi walidhani umekwisha kuvunjwa pamoja na nyumba.

Nyumba za Kiswahili zilizosalia Kariakoo ni chache, nazo zinapungua kila mwaka. Basi nawaomba wenye nyumba hizo, kabla hawajatia saini ya kuzivunja, waite mtu achore ramani ya vyumba, apige picha za mlango, ukumbi na ua, na aandike majina ya wazee waliojenga na ya wapangaji wanaokumbukwa. Kisha nakala moja ibaki na familia, na nyingine ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Gharama yake haifiki hata ijara ya mwezi mmoja wa duka, na wazee wa kuulizwa wangali hai.