Kodi ya Kiwanja: Historia Fupi ya Tovuti na Biashara Ndogo

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki pana mtaa uitwao Majengo. Upo Nairobi, upo Mombasa, upo Moshi na Dodoma, na upo Sumbawanga katika nyanda za juu za Ufipa, mahali nilipozaliwa, ambapo baridi ya mwezi wa Juni humfanya mgeni aulize kama kweli bado yumo Tanzania. Jina lenyewe ni la kazi: ni mahali pa kujenga. Sidai kwamba kila Majengo ulizaliwa kwa namna moja, lakini mwenye kusoma historia ya miji yetu hukutana mara nyingi na mapatano yale yale. Serikali au halmashauri ya mji ilipima viwanja. Mwananchi akapewa kimoja, akajenga nyumba kwa miti na udongo na fedha yake mwenyewe. Nyumba ikawa mali yake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Kwa ardhi hiyo alilipa kodi ya kiwanja. Ndivyo ilivyokuwa Pumwani, Nairobi, tangu miaka ya 1920, na ndivyo ilivyokuwa Kariakoo, Dar es Salaam.

J. A. K. Leslie, aliyechunguza maisha ya watu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, ameieleza vizuri nyumba hiyo: vyumba sita, vitatu kila upande wa ujia wa katikati, na nyuma pana ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha. Hiyo ilikuwa biashara ndogo kamili. Ilikuwa na mtaji, ilikuwa na wateja, ilikuwa na matengenezo kila baada ya masika. Tena ilikuwa na mkubwa mmoja asiyelala ndani yake hata usiku mmoja, naye ni mwenye kiwanja.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Mpwa wangu ana duka la steshenari pale Majengo, Sumbawanga. Hutoa nakala, huchapa kadi za harusi na risiti za wafanya biashara wa mahindi na maharage. Alimlipa kijana fundi amtengenezee tovuti, ili watu wa Laela, Namanyere na Matai waone mifano ya kadi na kuagiza bila kupanda gari. Kazi ilikwenda vizuri kwa muda wa mwaka mmoja. Kisha asubuhi moja tovuti haikuonekana. Alipotafuta sababu aligundua kwamba jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la fundi, fundi alikuwa amekwisha hamia mji mwingine, na ada ya mwaka haikulipwa na mtu. Akanipigia simu akaniuliza, “Shikamoo mjomba. Nyumba niliijenga mimi, imekwendaje?” Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi na la hasira kidogo. Hili ndilo jibu refu.

Mtu asemaye “nina tovuti yangu” asema kweli nusu. Maandishi na picha ni zake. Anwani yake, ambayo wataalamu wetu wa leo huiita kikoa, amepanga kwa mwaka, na asipolipa hupewa mwingine. Mahali maandishi yanapokaa, yaani ile kompyuta iitwayo seva, napo amepanga, pengine katika nchi asiyoijua. (Neno kikoa lanichekesha kila ninapolisikia. Wazee walilijua kuwa ni chakula kinacholiwa kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu. Sijui kama waliolichagua walikumbuka maana hiyo, lakini hawakukosea sana: zamu ikikupita bila kuchangia, chakula huliwa kwa jirani.) Kikoa cha nchi yetu, chenye herufi mbili za tz, kiliingizwa katika daftari la ulimwengu mwaka 1995. Yuko pia yule anayejenga bure katika ardhi ya kampuni kubwa ya ng’ambo. Huyu hatozwi kodi, lakini hana hati, na mwenye ardhi akibadili masharti yeye hana pa kushtaki.

Kabla ya tovuti palikuwa na magazeti, na taabu yake ilikuwa ile ile. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la Kiswahili ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika. Serikali ilikuwa na Mambo Leo tangu mwaka 1923, na nyuma ya Mambo Leo palikuwa na hazina ya serikali. Nyuma ya Kwetu palikuwa na duka. Yafaa tufikiri juu ya jambo hili kwa makini, maana mara nyingi twamsoma Fiah kama mwanasiasa tu, tukasahau kwamba kila toleo lilikuwa hesabu ya mfanya biashara: karatasi, mpiga chapa, posta, na wanunuzi wanaoahidi. Nakala moja ya gazeti ilisomwa na wengi na kulipiwa na mmoja. Ikaja Vita ya Pili ya Dunia, na karatasi ikawa adimu. Gazeti lilidumu kwa shida zaidi ya miaka kumi, na kwa maoni yangu ajabu si kwamba lilikufa, bali kwamba liliishi muda huo wote kwa mtaji wa muuza duka.

Karibu miaka sabini baadaye karatasi iliacha kuwa kikwazo. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe, ambayo huhesabiwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Mwezi wa Septemba 2005, Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, akiwa Helsinki kwa mkutano, alisaidiwa na Macha kufungua blogu yake mwenyewe. Watanzania walio ughaibuni waliipenda upesi. Waliona humo harusi, misiba, mikutano ya wakubwa, na sura za watu wa nyumbani waliokuwa hawajawaona kwa miaka. Zingatieni kwamba intaneti ya Tanzania wakati huo ilipita angani, kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009. Basi wasomaji wa kwanza walikuwa mbali, na wasomaji wa nyumbani walikuja baadaye.

Blogu ile ilijengwa katika kiwanja cha bure, Blogspot, ambacho kampuni ya Google ilikinunua mwaka 2003. Lakini mwenyewe alifanya jambo ambalo mama mwenye nyumba wa Kariakoo angelitambua mara moja: alipangisha kuta. Pembeni mwa habari yalikaa matangazo ya wafanya biashara, mmoja mmoja, waliokuja kwa sababu walimjua au walijulikana naye. Hilo ndilo jambo kuu katika mapato ya tovuti za Kiswahili, na wanafunzi wangu wengi hawaliamini mpaka waone hesabu.

Maana pana njia ya pili, nayo ndiyo inayosifiwa zaidi na vijana. Mwaka ule ule wa 2003 Google ilianzisha AdSense, mpango ambao mwenye tovuti huacha nafasi wazi, na mtambo wa kampuni huijaza kwa matangazo uliyoyauza kwa mnada. Kwa miaka mingi, mgeni alipobofya tangazo, mwenye tovuti alipata sehemu ya bei. Kwa mtu wa London au Chicago kuna faida. Kwa mtu wetu vizuizi vilikuwa vitatu. Kwanza, kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zilizokubaliwa na mpango huo, hata tovuti iliyoandikwa kwa Kiswahili safi ikawa haina mlango, na mwandishi akashawishika kuchanganya Kiingereza ili apokelewe. Pili, bei ya tangazo hufuata mfuko wa msomaji, na mtangazaji hatoi bei kubwa kwa ajili ya mtu wa Namanyere ambaye hawezi kumuuzia chochote. Tatu, kampuni haitumi fedha mpaka zifike dola 100, na kwa tovuti ndogo dola 100 zaweza kuwa safari ya miaka.

Wazee wa Ufipa walikuwa na elimu inayofaa hapa. Walikuwa wahunzi maarufu. Walijenga tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, lililopita kimo cha mtu, nalo liliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto, kwa hewa iliyoingia yenyewe chini na kupanda juu. Lakini kilichotoka katika ilungu hakikuwa jembe. Kilikuwa donge chafu lenye takataka, lisilouzika. Ilibidi lipelekwe katika tanuri dogo la pili, lenye mivukuto, lisafishwe; ndipo mhunzi akafua jembe, na jembe likauzwa ndani na nje ya Ufipa. Wasomaji wa tovuti ni donge la ilungu. Nimeona vijana wanaohesabu wageni elfu kwa mwezi wakifurahi kama watu waliokwisha kuuza, nao hawajajenga tanuri la pili. Tanuri hilo la mpwa wangu lilikuwa nini? Ni simu. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata; mteja wa Laela akitazama kadi katika tovuti hutuma malipo ya awali kwa simu jioni ile ile, na kesho yake kadi hupanda basi. Tovuti ile haikupata hata shilingi moja ya matangazo. Ilileta oda.

Tukumbuke pia kwamba ukubwa wa mtaji si kinga. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa kwa mtandao iliyoandikishwa katika soko la hisa la New York mwezi wa Aprili 2019, ilifunga biashara yake ya Tanzania mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Biashara ya namna hiyo hutaka maghala na pikipiki za kupeleka mizigo. Mwenye duka la Majengo hana ghala. Ana kaunta, ana kondakta wa basi anayemfahamu, na ana majirani wanaojua mama yake ni nani. Uaminifu huo haununuliki, ingawa, kwa bahati mbaya, nao haukopesheki benki.

Sasa nije kwa mwenye kiwanja aliye mkubwa kuliko wote. Mwezi wa Machi 2018 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka watoa habari wa mtandao, wenye blogu pamoja nao, wawe na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni ya kwanza shilingi 1,000,000, na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Hoja ya serikali ilikuwa kuzuia uongo, matusi na uchochezi, na hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba mtandao wetu hauna mambo hayo. Lakini hesabu ina sauti yake. Ada ya namna moja kwa mkubwa na mdogo humwumiza mdogo peke yake. Wenye blogu wengi walizima taa. Hata JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi na iliyokuwa na wasomaji wengi mno, ilisimama kwa muda mwezi wa Juni 2018. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, na ada zikapunguzwa baadaye; walakini blogu iliyokwisha nyamaza hairudi kwa tangazo la gazeti la serikali. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, nahesabu hasara kwa namna yangu: kurasa nyingi za Kiswahili cha kila siku, cha utani, cha mapishi, cha ushauri wa kilimo, zimetoweka pamoja na vikoa vyao, na mwanafunzi wa miaka ijayo atakayetaka kujua tulivyoandika mwaka 2012 atapata pengo. Kwetu la Fiah laweza kusomwa katika maktaba. Karatasi ile iliyokuwa ghali imetuwekea zaidi ya seva iliyokuwa bure.

Kwa sababu hiyo sikumshauri mpwa wangu aache. Nilimshauri aandikishe kikoa kwa jina lake mwenyewe na kwa namba ya simu yake mwenyewe. Awe na nakala ya kila picha na kila andiko katika diski iliyo dukani. Amlipe fundi kwa kazi, si kwa umiliki. Tena kurasa zake za bure katika mitandao ya kijamii azifanye vibao vya kuelekeza nyumbani, asizifanye nyumba. Jina lake la kwanza lilikwisha chukuliwa, ikambidi aongeze herufi, na kadi zote za biashara alizochapa awali akazitumia upande wa nyuma kuandikia oda.

Nilipokwenda Sumbawanga likizo iliyopita niliingia dukani kwake. Alikuwa akikata kadi za harusi za mteja wa Matai ambaye hajapata kumwona kwa macho. Ukutani, kwa chaki, ameandika tarehe mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ni ya kulipia kikoa, na ya chini ni ya kulipia pango la fremu.