Mchezo wa Mario na mashimo yake

Labda mtashangaa kukuta katika kurasa hizi habari za mchezo wa televisheni. Lakini historia si ya wafalme na vita tu. Vitu vya watoto navyo vina historia yao, na mchezo huu tutakaousimulia ulitushinda sisi wenyewe utotoni hapa Mashamba, tena ulitufanya tumkosee mwenzetu.

Tulikua siku za shida. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba tani zaidi ya 470,000; mwaka 1994 hazikufika 40,000. Ajuaye Kolwezi ajua hesabu hiyo ilifanya nini katika sahani za watu. Basi, mtaani kwetu ilikuwapo nyumba moja tu yenye mashine ya kuchezea, nayo haikuwa ile ya asili bali ya kuiga, mojawapo ya zile zilizotengenezwa kwa wingi huko Asia na kuuzwa rahisi masokoni kwetu. Tulitoa faranga chache, tukaketi sakafuni, kila mmoja akingoja zamu yake. Ukifa mara tatu, unampa mwenzako. Umeme ukikatika, wote mwaanza upya.

Mchezo uliitwa Super Mario Bros. Ulitolewa Ujapani tarehe 13 Septemba 1985 na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto. Walioutunga ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki wake ni kazi ya Koji Kondo. Mario, fundi wa mabomba mwenye masharubu, hukimbia kuelekea kuume kumtafuta binti mfalme aliyetekwa. Hupita nchi nane, na kila nchi ina sehemu nne, yaani sehemu 32.

Huyo binti mfalme hatukumwona hata siku moja. Tulisema mchezo huu una uchawi, umetengenezwa ili kula faranga za watoto. Hata hivyo hatukuacha kwenda. Katikati yetu alikuwapo mmoja aliyekuwa mzito kuliko sote. Kila alipofika penye shimo alisimama akatazama, huku saa ya mchezo ikizidi kupungua. Tulimzomea. Tulimwita mpumbavu, tukamnyang'anya zamu kabla hajafa mara tatu, na faranga zake tulikuwa tumekwisha kuzipokea. Mwishowe hakuja tena.

Mwaka jana kijana mmoja wa ukoo wetu alituletea mchezo ule ule, umetiwa ndani ya simu. Tuliucheza usiku, polepole, bila mtu wa kutuharakisha. Kumbe, tulikuwa hatujauona kamwe!

Tazameni mwanzo wake. Mario yu upande wa kushoto, na kuume kwake ni uwanda mtupu. Hakuna neno hata moja lililoandikwa kueleza njia, lakini kila mtoto huenda kuume. Hapo hutokea mdudu mfupi mwenye uso wa hasira. Usiporuka, wafa, lakini umepoteza hatua chache tu, na somo umelipata. Juu yako liko sanduku linalometameta. Ukiligonga kwa kichwa, hutoka uyoga. Sasa mtoto aliyekwisha kuuawa na mdudu atauogopa uyoga pia. Ndipo tulipostaajabu: uyoga huteleza kwenda kuume, hugonga bomba, hugeuka na kumrudia Mario. Juu ya kichwa chake kuna matofali, hata akijaribu kuruka ili aukimbie hugonga matofali na kuushukia. Unamgusa, naye anakua mkubwa. Basi mtoto amejua ya kuwa uyoga ni mwema, wala hakuna aliyemwambia.

Tena ziko ngazi mbili za mawe karibu na mwisho wa sehemu hiyo, zinazotazamana, na kati yake pengo. Pengo la kwanza lina sakafu: ukianguka, wapanda tena, huna jeraha. Hatua chache mbele ziko ngazi nyingine zilizo sawa na zile, ila pengo lake halina chini. Mtunzi amekupa shimo la kujizoeza kabla ya shimo la kufa. Ni pale pale mwenzetu alipokuwa akisimama. Yeye alikuwa akisoma, na sisi tulimfukuza darasani.

Miyamoto ameeleza ya kuwa sehemu za mwanzo za michezo yake hutengenezwa baadaye, watunzi wakiisha kuujua mchezo wao. Sisi tunaofundisha watoto mara nyingi hufanya kinyume: somo la kwanza twalitupa ovyo, kisha twawakasirikia katika somo la kumi.

Ustadi mwingine ni wa kubana matumizi. Mchezo mzima ulitoshea katika kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya simu za siku hizi yaupita mara nyingi. Kwa hiyo mawingu na vichaka vyake ni umbo moja lililopakwa rangi mbili, kama mama anayekata kitenge kimoja akashonea watoto wawili.

Hatusifu yote. Katika ngome ya nchi ya saba na ile ya nane, ukishika njia isiyo sawa warudishwa kuzunguka pale pale, pasipo alama ya kukuonyesha kosa lako. Hapo mtunzi ametuonea. Na katika mchezo uliofuata, wa mwaka 1986, waliweka uyoga wenye sumu tangu mwanzo. Ulikuwa mgumu hata Wamarekani hawakuuziwa mpaka mwaka 1993. Ugumu wa namna hii ni mtego tu.

Jambo moja lilitutia uchungu. Ukiisha kufa mara zote, ukarudi kwenye ukurasa wa kwanza, shika kitufe cha A ubonyeze Start: utaanza mwanzoni mwa nchi ile uliyofia, si nchi ya kwanza. Miaka yote vitufe hivyo vilikuwa chini ya vidole vyetu! (Umeme ukikatika, bila shaka, hata hilo hupotea.)

Mwenzetu yule sasa ni dereva wa lori kubwa mgodini. Tulimwalika Jumapili moja, akaja na mtoto wake. Tulimwomba radhi; alicheka, akasema amesahau, lakini tuliona kwamba hakusahau. Tukampa simu. Alipofika kwenye ngazi za mawe alisimama kama zamani. Mtoto wake akapiga kelele, “Papa, ruka!” Tukamwambia mtoto anyamaze. Akaanguka katika pengo lenye sakafu, akapanda, akaendelea, na lile lisilo na chini akalivuka mara ya kwanza.

Simu alikwenda nayo. Juzi alitutumia habari kwamba yuko nchi ya tatu.