Saa janja ya afya

Saa janja ya afya ni saa ya mkononi yenye vihisio vya kupima mapigo ya moyo, hatua na usingizi. Chini yake huwaka taa ya kijani; damu hufyonza mwanga huo, na kila pigo hubadilisha kiasi kinachorudi.

Manufaa. Humhimiza mvaaji atembee na humwonyesha mwenendo wa moyo wake kwa miezi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu Apple Watch irekodi umeme wa moyo, ili kubaini mapigo yasiyo na mpangilio.

Mipaka. Mkanda uliolegea na mkono unaotikisika hupotosha vipimo. Mwaka 2024 FDA ilionya dhidi ya saa zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mkazi wa Makorora, jijini Tanga, akishikwa na homa, saa yaweza kuonyesha mapigo yamepanda, lakini haioni vimelea vya malaria. Kuvigundua kunahitaji kupimwa tone la damu kwenye kituo cha afya. Shinikizo la damu nalo huthibitishwa kwa mashine ya kufunga mkononi, na tiba huamuliwa na daktari.